Mturudishie Nunda Wetu: barua ya wazi kwa wanaowachagulia watoto wa Zanzibar vitabu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, na kwa wakuu wa Taasisi ya Elimu Zanzibar, Shirika la Huduma za Maktaba na Baraza la Kiswahili la Zanzibar.

Assalaam aleikum, waheshimiwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Wete, Pemba. Nakuandikieni hadharani kwa sababu jambo nililonalo halina mlango wake ofisini. Ukilipeleka kwa afisa wa vitabu anakwambia hilo ni la maadili, na ukilipeleka kwa wa maadili anakurudisha kwa wa vitabu. Ni habari ya hadithi za maajabu kwa watoto na vijana wetu: zile zenye majoka yatemayo moto, majini, mazimwi, farasi wenye mbawa na miji iliyo chini ya bahari.

Iko skuli moja huku, sitaitaja, ilipata katoni za vitabu vya msaada vya namna hiyo, vya Kiingereza, vyenye picha za rangi. Watoto wakavigombania, hata wasiokijua Kiingereza. Walikaa watatu watatu chini ya mwembe: mmoja anasoma kwa kubabaisha, wa pili anafasiri kwa kubuni, wa tatu anamkosoa mfasiri kwa kutazama picha. Sijaona somo la Kiingereza lililokwenda vizuri kama lile, na mwalimu hakuwepo. Siku moja mzazi akaona jalada la kitabu alichorudi nacho mwanawe nyumbani. Kiumbe kina pembe, kina mbawa, macho mekundu. Akaja skuli, akasema watoto wanafundishwa ushetani. Kufika adhuhuri vitabu vyote vilikuwa vimesharudishwa katonini na kupelekwa stoo, juu ya mifuko ya saruji. Hapana aliyeandika barua, hapana aliyetia saini. Nilipouliza nikaambiwa ni amri. Nikauliza amri ya nani, na niliyemuuliza akatazama dari.

Mzazi yule simlaumu hata kidogo. Alikuja kwa uchungu wa mwana, na swali lake ni la haki: mnamsomesha nini mwanangu? Lililonisikitisha ni kuwa hapakuwa na waraka wowote, wa wizara wala wa wilaya, ambao mwalimu mkuu angeweza kuufungua mezani na kumjibu kwao. Pasipo na waraka, mwenye sauti kubwa ndiye mkaguzi wa vitabu.

Na niseme wazi: kwa vitabu vile vyenyewe sitokwi na machozi. Joka la Ulaya hata likikaa stoo, wasomaji wake wako dunia nzima. Kinachoniuma ni kwamba kwa viumbe vyetu wenyewe hatuna hata katoni ya kufungia.

Mwaka 1870 kilichapwa London kitabu cha hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja. Mkusanyaji alikuwa Edward Steere, mmishenari wa Kiingereza aliyefika Unguja 1864, baadaye akawa askofu, na kaburi lake limo ndani ya kanisa la Mkunazini. Kiswahili kiliwekwa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, vinatazamana. Mwaka 1901 Andrew Lang akachukua baadhi ya hadithi zile akazitia katika mkusanyiko wake wa hadithi za watoto wa Uingereza, na mwaka huohuo George Bateman akatoa Chicago kitabu kizima cha hadithi za Unguja. Kwa hiyo watoto wa London na wa Chicago wamemjua nunda mla watu kwa zaidi ya miaka 120. Mimi niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la sita, nunda ni nini? Mmoja akanyanyua mkono kwa kujiamini, akasema ni ile nyama iliyovimba mgongoni mwa ng'ombe.

Kwa hiyo niruhusuni nikukumbusheni, maana huenda na nyinyi wakuu mmeshamsahau. Sultani alikuwa na paka. Paka akala kuku. Watu wakaenda kushitaki, Sultani akasema paka ni wake na kuku ni wake. Akala mbuzi, jibu likawa lilelile. Akala ng'ombe, akala punda, akala ngamia, kisha akaanza kula watoto wa watu, na Sultani hakutikisika. Mpaka siku paka alipowakamata wana wa Sultani mwenyewe, ndipo akafumbua macho, akasema huyu si paka tena, ni nunda. (Waheshimiwa, mimi hapo sina ninalolikusudia. Nasimulia tu kama ilivyo.)

Anayetoka kwenda kumsaka ni mtoto wa mwisho, yule babake aliyemdharau, wanayemwita Mkaa Jikoni. Nunda hajapata kumtia machoni. Anamuua mbwa, anamkokota hadi nyumbani, anaimba kwa furaha: "Mama wee, niulaga nunda mla watu!" Mamake anatazama, anamjibu kwa wimbo uleule: "Mwanangu, siye nunda mla watu." Kijana anarudi mwituni. Analeta fungo, na mama anasema siye. Analeta ngawa. Siye. Analeta punda milia, analeta twiga, analeta kifaru, analeta hata tembo, na kila mara kijiji kizima kimeshangilia, na kila mara mama anasema siye.

Mtazameni mama yule. Mwanawe ana jasho na damu, amechoka, amevuta mzoga tangu mwituni, watu wanapiga vigelegele, na yeye kwa mapenzi yote aliyonayo anakataa kumpa ushindi usio wake. Kisha anampa alama: masikio ya nunda ni madogo, mwili wake ni mpana wala si mrefu, ana madoa mawili kama ya ngawa, na mkia wake ni mnene. Tangu hapo kijana akimuona mnyama anaanza kulinganisha. Huyu masikio makubwa, basi siye. Huyu mrefu, siye. Anapomkuta nunda kweli, amelala kivulini, anamjua kwa alama zake, hamjui kwa khofu yake. Halafu angalieni wanyama walivyopangwa: anaanza na mbwa wa mtaani, anaingia kwa fungo na ngawa wa vichakani kwetu, kisha anafika kwa twiga na kifaru ambao kisiwani hawapo. Hadithi inamtoa mtoto uani na kumvusha bahari mpaka bara, bila ya nauli, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka 7 anaweza kuyaimba.

Nimekaa sana kwenye hadithi hii kwa makusudi, kwani hoja ninayojibiwa kila siku ni moja: hadithi za viumbe vya ajabu zinawatia watoto ushirikina. Haya, tuipime.

Mwaka 1995 tulikuwa na Popobawa, kiumbe kilichosemwa kuwavamia watu usiku majumbani mwao. Alianza huku kwetu Pemba, akavuka Unguja. Watu wazima, wenye kazi zao na vyeo vyao, wakahamia nje na mikeka, wakakoka moto, wakalala kwa makundi. Yule hakutoka kwenye kitabu cha watoto. Alitoka mdomoni, akakulia mdomoni, kila aliyemsimulia akimwongeza ukucha. Alama zake zilikuwa hazishikiki. Leo kivuli, kesho harufu, keshokutwa mkwaruzo kwenye bati. Na hapakuwa na mama wa kusimama dirishani akasema siye. Wale waliokuwa na umri wa kwenda skuli mwaka ule ndio wazazi wa leo, na mimi naamini khofu yao ya majalada yenye pembe imeanzia hapo zaidi kuliko kwenye dini.

Ngano ina mipaka yake, na mtoto anaijua. Haianzi mpaka msimulizi aseme "Paukwa" na wasikilizaji waitikie "Pakawa". Au atasema hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Anautangaza uongo mlangoni, kabla hajakaa. Ndani yake zimwi lina njaa, lina ujinga wake, lina pahala linapoweza kupigwa, na mara nyingi anayelipiga ni mtoto. Umbea wa wachawi hauna "paukwa". Hakuna anayekwambia unaanzia wapi wala unaishia wapi, na ndani yake mtoto hana la kufanya isipokuwa kujifunika shuka.

Jibu la pili ninalopewa ni la dini, nami nalichukua kwa uzito wake kwa kuwa ni dini yangu. Watoto ninaowasomesha asubuhi, jioni wako chuoni wakisoma Kurani. Wameshaisoma Suratun-Naml. Wanamjua mdudu chungu aliyewaonya wenzake waingie majumbani mwao, hudihudi aliyemletea Nabii Suleiman habari ya Sabaa, na ifriti katika majini aliyejitolea kukileta kiti cha enzi. Wanajua kuwa hayo ni ya imani, yanasomwa kwa udhu na adabu, na kuwa nunda ni wa ukumbini baada ya chakula cha usiku. Sijapata kumuona mtoto aliyeyachanganya mawili hayo. Kama wizara ina wasiwasi, basi na waitwe masheikh, wakae na walimu na maktaba, wavisome vitabu tangu mwanzo mpaka mwisho na watoe rai yao kwa maandishi. Mabibi zetu waliotusimulia mazimwi hawakuwahi kukosa sala kwa ajili hiyo.

Sasa nije kwa vijana, ambao ndio waliosahauliwa kabisa. Mtoto wa darasa la pili ana sungura na fisi. Wa kidato cha pili hamtaki tena sungura, naye ana haki. Tunampa nini? Karibu kila kitabu cha ziada cha Kiswahili ninachokiona cha umri ule ni cha mimba za skuli, au UKIMWI, au dawa za kulevya, na ukifika ukurasa wa tatu umeshamjua atakayejuta ukurasa wa mwisho. Mambo yale ni ya kweli na lazima yasomeshwe. Lakini kijana huyohuyo usiku yuko kwenye kibanda cha video, anatazama majoka yakiunguza miji, filamu iliyofasiriwa kwa Kiswahili na mtu anayechekesha kuliko waigizaji wenyewe. Anataka ukubwa. Anataka nchi ambayo sheria zake hazijui, ili azigundue. Tusipompa kwa Kiswahili kilichoandikwa vizuri, ataipata kwengine na Kiswahili tutakibakisha kuwa lugha ya kuonywa.

Na visiwa vyetu, wallahi, vimejaa maajabu. Nendeni Kidike magharibi inapokaribia mkawatazame popo wa Pemba, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa huku kwetu Pemba. Uso wake ni kama wa mbweha, na mbawa zikikunjuka zinapita mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebakia wachache wa kutisha. Wanakijiji wakawalinda, leo wapo kwa maelfu. Pujini, hukuhuku Pemba, ipo ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani ambaye ukatili wake bado unasimuliwa, na kisima chake chenye ukuta katikati, kila mke na upande wake ili wasionane. Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, yupo kaa wa nazi, apandaye miti, afikaye kilo 4. Kwenye mikoko kila mvuvi ana lake la kusema juu ya vibwengo. Dunga, Unguja, inasemwa kuwa ngoma za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa kisiwa kile, zilikuwa zikilia zenyewe. Msichana wa Chwale akishuka kile kisima cha Pujini kwa upande usio wake, atamkuta nani chini? Mimi si mwandishi wa riwaya. Namtaka anayeweza kulijibu swali hilo kwa kurasa 200, na nataka alipwe.

Ninaloomba, basi. Waraka ndio mkubwa: muandike vigezo vya vitabu vya hadithi za kubuni maskulini, na humo museme kwamba kiumbe cha ajabu peke yake si sababu ya kukiondoa kitabu. Anayetaka kukiondoa aandike jina la kitabu, ukurasa na sababu, na anayekubali atie saini. Hilo halina gharama hata ya karatasi mbili.

Hadithi za 1870 zichapwe upya kwa ajili ya watoto. Steere alifariki 1882, haki miliki imeshakwisha, hakuna wa kudai chochote. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, hakihitaji kufasiriwa, kinahitaji mhariri wa kunyoosha tahajia na kufafanua maneno yaliyopotea, na hiyo ni kazi ambayo Baraza la Kiswahili linaiweza usingizini. Humo mna watumwa wanaotumwa huku na huku kana kwamba ni kawaida; msiwafute, muwekeeni mwalimu maelezo. Picha zichorwe hapahapa. Mji Mkongwe umejaa vijana wenye mikono ya ajabu wanaochora twiga walewale kila siku kwa ajili ya mtalii. Mpeni mmoja wao alama za nunda kama mama alivyozitoa, muone atakachokuleteeni.

Na vitabu vipya viandikwe. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2023, imeonesha kuwa Serikali inaweza kumlipa mwandishi wa Kiswahili na dunia isisimame. Zanzibar, ambayo Kiswahili chake ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, haishindwi kuweka shindano lake la riwaya za maajabu kwa vijana wa miaka 12 hadi 17. Washindi wapelekwe Taasisi ya Elimu vitabu vyao vithibitishwe kuwa vya ziada, maana kitabu kisichothibitishwa hakiingii skuli, na kisichoingia skuli Pemba hakiingii popote; huku duka la vitabu ni la madaftari na kalamu.

Maktaba nazo, ya Maisara na ya Chake Chake, zikaribishe wazee wa kusimulia, na vinasa sauti viwepo. Zanzibar ilikuwa makao makuu ya EACROTANAL, kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa mapokeo simulizi. Kazi ile ilikuwa ya watafiti. Hii iwe ya watoto, na wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wanaweza kuiandika maandishini ikawa sehemu ya masomo yao. Wasimulizi wazuri ninaowajua mimi ni wazee sana, na hili sitalirefusha.

Mtaniambia madawati kwanza, na vyoo, na walimu wa hisabati. Najua, nasomeshea humohumo. Lakini fedha za vitabu tayari zinatumika kila mwaka, mimi naomba kwamba katika orodha ile pawe na mstari mmoja wa kitabu ambacho mtoto atakiiba kwa mwenzake ili akimalize.

Na kwa vile vilivyo stoo juu ya saruji: naomba afisa mmoja aje avisome. Avisome, asitazame majalada tu. Akiona vinafaa, avitoe. Akiona havifai, aandike ni kipi, ukurasa gani na kwa nini, aweke jina lake chini, nami barua yake nitaisoma darasani, kwa sababu wanaoniuliza ni watoto na mimi nimechoka kuwajibu kwa kutazama dari.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa Kiswahili,
Wete, Pemba